Ukimya wa Gogo

Onkarlal alikuwa mnadi katika soko la pilipili, na kama hujawahi kusimama katika soko la pilipili la Nimad wakati wa mavuno, basi hujui sauti ni nini. Marundo mekundu yametanda uwanja mzima, vumbi lake linawasha makoo mpaka ng'ombe wanapiga chafya, wanunuzi wanakohoa, wakulima wanafuta machozi, na katikati ya zogo hilo mtu mmoja amepanda juu ya gunia anataja bei. Huyo ndiye alikuwa Onkarlal. Alizeekea juu ya gunia lile, na hakuna siku sauti ilimkauka.

Shida ni kwamba sauti ile hakuiacha sokoni. Kila jioni alirudi nayo nyumbani Mandleshwar, pamoja na ulimi usiojua kuchagua maneno. Chai ikichelewa, mtaa mzima ulipata habari. Chapati ikiungua upande mmoja, hata waliokuwa wakioga mtoni Narmada walijua ni upande gani. Bhaggu kinyozi, aliyepakana naye ukuta kwa ukuta, alikuwa akiwaambia wateja wake, "Mimi redio ya nini? Jirani yangu anatosha, tena hali umeme."

Mkewe, Kasturi, sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa tangu utotoni, lilitoka usaha likaachwa hivyo hivyo. Wanawake wenzake bombani walimtania, "Mungu alijua utaolewa na nani, dada, akakupunguzia mzigo." Kasturi alicheka nao. "Na hili lililobaki linafanya kazi ya mawili," alisema, akajitwisha ndoo yake akaenda zake.

Usije ukadhani Onkarlal alikuwa mtu asiyemjua Mungu. La hasha! Alimjua kupita kiasi. Baba yake alipofariki, alikwenda Gaya kumfanyia ibada, na kule, ukishawatolea wafu wako mabonge ya unga, desturi ni kuacha tunda moja unalolipenda, huligusi tena mpaka kufa. Watu ni wajanja. Mdogo wake Onkarlal aliacha fenesi, ambalo tangu azaliwe lilimtia kichefuchefu. Onkarlal aliacha embe. Embe, jamani! Mtu ambaye msimu wake ukifika alikuwa akifyonza mpaka maji yanachuruzika kwenye viwiko, na kokwa analigombania na watoto. Msimu uliofuata alikaa mbele ya sinia la maembe, ndugu zake wakila, na hakunyoosha mkono. Moyoni alijisikia raha ambayo embe lenyewe halijawahi kumpa.

Ukiniuliza mimi, hapo ndipo alipoharibikiwa. Kuna watu wana uchu wa kula, yeye akashikwa na uchu wa kuacha. Akaacha sukari. Akaacha vitunguu na vitunguu saumu, Kasturi akawa anapika sufuria mbili. Akaacha godoro akalalia mkeka, kisha mkeka wenyewe akauhamishia barazani. Nywele za Kasturi zilikuwa bado nyeusi wakati huo, na hakuulizwa kitu. Aliambiwa tu asubuhi moja, "Kuanzia leo mimi na wewe ni kaka na dada."

"Sawa, Baba Jagdish," alijibu, akaendelea kupepeta mchele. Baadaye alilia jikoni, na alipoulizwa na jirani akasingizia moshi.

Kule ashram, makao ya watawa kando ya mto, alikuwepo Swami mmoja mzee, mtawa mwenye mzaha, ambaye Onkarlal alimwendea kila Jumatatu kuhesabu ushindi wake. Swami alimsikiliza, akamwambia, "Vizuri. Macho umeyatawala, ngozi umeitawala. Lakini ulimi ndio mgumu kuliko vyote, maana una kazi mbili, kuonja na kusema. Wewe umeushinda nusu tu. Hiyo nusu ya pili tunaisikia mpaka huku."

Onkarlal alicheka kwa aibu, akarudi nyumbani. Na mwaka huohuo nusu ile ya pili ikamvunjia nyumba.

Ilikuwa karamu ya kumkumbuka baba yake, wageni wamekaa mistari miwili chini, majani ya kulia mbele yao. Nirupa, mke wa mwanawe Jagdish, alikuwa anagawa dengu. Mkono ukamteleza, dengu za moto zikamwagikia mguu wa mgeni mmoja. Jambo dogo, mgeni mwenyewe alishasema hakuna neno. Onkarlal akapaza sauti ile ya juu ya gunia: "Miaka yote hii tumbo lake halijatupa kitu, sasa na mikono nayo imeanza!"

Hakuna aliyetafuna. Nirupa aliweka ndoo ya dengu chini polepole, asiimwage tena, akaingia ndani. Jagdish alinawa mikono, akamfuata mkewe, na basi la Indore la jioni ile liliondoka nao. Mtoto wa pekee. Kasturi alisimama mlangoni mpaka vumbi la basi likatulia.

Onkarlal alijuta. Nisimwonee, alijuta kweli kweli. Hakula, hakwenda sokoni, alijigeuza geuza barazani kama mgonjwa. Kisha akakata shauri, na kama kawaida yake, dawa aliyoiona ni kuacha kitu. Mvua zilikuwa zinakaribia, ile miezi minne ambayo mungu Vishnu hulala na watu huweka nadhiri mpaka aamke baada ya Diwali. Alimwendea Swami akasema ataacha kusema.

"Wazo jema," Swami alisema. "Chukua kibao cha kuandikia na chaki. Ukitaka maji, andika maji. Ukikubali, tikisa kichwa."

"Hapana, Swami. Nataka ukimya wa gogo."

Swami akaacha kucheka. Ukimya wa gogo ni kunyamaza kabisa kama ukuni: huandiki, huonyeshi kwa kidole, hutikisi kichwa, hata uso hauruhusiwi kujibu. "Huo ni wetu sisi tusio na mke wala mlango wa kubishiwa hodi," alisema. "Mtu mwenye nyumba hapewi."

"Ukiniachia mkono, mkono utatukana. Hunijui mimi."

"Nakujua sana, ndiyo maana nakukataza." Lakini Onkarlal alishika miguu yake, akang'ang'ania, mpaka mzee akachoka. "Haya. Ila sikiliza. Mtihani utakuja, na hautakuja na sura ya adui. Utakuja na sura ya mtu unayempenda."

Alimaanisha nini, yeye mwenyewe ndiye ajuaye. Onkarlal alilibeba neno lile nyumbani kama dawa ya nyoka.

Nadhiri huwekwa kwa maji kiganjani, na ya mwenye mke ni mkewe amiminaye maji, ndiyo ridhaa yake. Watu wa mtaa walikusanyika uani. Kasturi alishika chombo cha shaba, akakiinamisha mno, maji yakammwagikia Onkarlal kwenye magoti. "Shika vizuri!" alifoka. "Mikono yako imeoza?" Watu wakacheka, Bhaggu akasema, "Mwacheni amalizie za mwisho mwisho!" Kasturi akamimina tena, safari hii vizuri, na Onkarlal akafumba mdomo.

Akaweza! Mtaa haukuamini. Mvua zilinyesha, mto ukajaa ukawa rangi ya chai, na barazani kwake Onkarlal alikaa ameangalia mbele, hajibu salamu hata kwa kope. Bhaggu alimjaribu kila asubuhi. "Mzee Onkar, nasikia bei ya pilipili imeanguka. Nasikia mnadi mpya ana kigugumizi." Kimya. "Mzee, nguo yako inateketea." Kimya. Basi Bhaggu mwenyewe, mtu asiyeheshimu kitu, siku moja akainama akamgusa miguu. Wengine wakafuata. Wanawake walileta wachanga wao, wanafunzi wakaja kabla ya mitihani, wakamwita Baba Mnyamavu na kumwekea maua magotini. Uso wake haukusogea, lakini ndani, alijua mwenyewe, kuna kitu kilikuwa kinalamba midomo.

Kasturi naye mwanzoni alifurahi. "Nyumba imepoa," aliwaambia wenzake bombani. Alijifunza kukisia, njaa kwa jinsi mumewe alivyokaa, baridi kwa jinsi alivyokunja vidole vya miguu, akamhudumia kama unavyomhudumia ng'ombe, kwa mapenzi na bila majibu. Alizungumza naye kutwa nzima, habari za bei ya bamia na binti ya nani amechumbiwa. Alisema hajapata kumsimulia mambo mengi hivyo tangu waoane.

Kisha maziwa yakaanza kufurika jikoni naye yupo palepale, amegeuza mgongo. Mpeleka gesi akagonga mpaka akaondoka. Mbuzi wa jirani alikula majani ya mtulasi, ule mrehani mtakatifu wa uani, huku akilia mee, Kasturi hana habari. Onkarlal aliyaona yote kutoka barazani, na akajiambia ni uzee.

Ni Jagdish aliyekuja kumchukua mama yake kumpeleka Indore kwa daktari, baada ya kumpigia simu mara nne na kujibiwa mambo ambayo hakuuliza. Walirudi siku ya tatu. Jagdish hakuvua viatu. Alisimama mbele ya baraza, maua ya watu yametapakaa chini, akamwambia baba yake:

"Mshipa wa sikio lake unakauka. Lile zima. Daktari anasema mpaka Diwali, ikizidi sana wiki moja baadaye, halafu basi. Hakuna mashine itakayosaidia. Umenisikia, baba? Mama anaziba."

Onkarlal aliangalia mbele.

"Mwambie neno. Moja tu. Kesho anza nadhiri yako upya, nani atakukataza?" Alisubiri. "Siku ile ulipotakiwa kunyamaza ulisema. Leo unatakiwa kusema umenyamaza. Nirupa alitaka kuja, nikamwambia asijisumbue." Akaweka dawa za mama yake kwenye ngazi, akaondoka akiwa analia, mtu mzima na masharubu yake.

Moyo wa Onkarlal ulikuwa unamdunda mpaka kwenye meno. Alitaka kusema. Lakini neno la Swami lilikuwa limeshamkaa: mtihani utakuja na sura ya mtu unayempenda. Ndio huu, alijiambia. Umekuja. Na akajikaza kisabuni.

Kasturi hakumsumbua kwa siku kadhaa. Alipika, akafagia, akaongea zaidi kuliko kawaida na kwa sauti kubwa zaidi, maana hakuisikia tena vizuri sauti yake mwenyewe. Kisha alasiri moja mvua ilipokatika alikuja akaketi barazani kwenye ukingo wa mkeka wake, jambo ambalo hakulifanya tangu aambiwe kwamba wao ni kaka na dada. Akasogeza kichwa, akaweka sikio lake la kulia karibu kabisa na mdomo wa mumewe. Nywele zake zilinuka mafuta ya nazi.

"Nasikia bado kidogo," alisema. "Ukija karibu hivi nasikia. Sema chochote, Baba Jagdish. Hata unitukane, hiyo nimeizoea."

Alibaki pale. Onkarlal aliona shavu lake, mikunjo midogo chini ya sikio, kipini cha dhahabu. Pumzi yake mwenyewe ilikuwa inagonga sikio lile na kumrudia. Ndipo alipokumbuka kitu cha mwisho alichomwambia mwanamke huyu kabla ya kufumba mdomo: mikono yako imeoza. Akakihesabu upya, akitafuta kama kulikuwa na kingine baada ya hapo. Hakikuwepo. Jasho lilimtoka, na ulimi ukasogea kabisa ndani ya kinywa, ukagusa meno.

Hakusema.

Kasturi alicheka kidogo, akaminya goti lake kama mtu anayemtuliza mtoto. "Basi, basi. Usijitese," alisema, akaenda kuwasha jiko.

Kesho yake alitoka peke yake kwenda ashram, kwa miguu, na aliporudi alisimama uani akapaza sauti, asijue anapaza. "Nimemwona Swami! Ilibidi aniandikie chini kwenye mchanga. Amesema vunja. Amesema nadhiri ya hivyo si nadhiri, ni ukaidi, na kama kuna dhambi aibebe yeye!" Bhaggu alisikia, mkewe alisikia, mtaa mzima ulisikia.

Onkarlal alijua Kasturi hajawahi kusema uongo katika maisha yake. Nataka hilo lieleweke, maana watu baadaye walimtetea kwamba alidhani ni hila ya mtihani. Hakudhani. Alijua kabisa kwamba ameruhusiwa. Kilichomzuia ni kwamba zilibaki wiki chache tu. Aliuona mwisho, aliuona umati wa siku ile, na alitaka kufika, alitaka kwa uchu uleule uliokuwa ukimfanya agombanie kokwa na watoto. Alijiambia: Diwali bado haijafika, madaktari huwa wanaongeza chumvi, nitamaliza kabla hajaziba. Kasturi alimtazama muda mrefu, akimsoma kama alivyozoea, na safari hii akaonekana amekisia sawasawa. Hakurudia tena kuomba.

Diwali ikafika. Watoto walilipua fataki uchochoroni, mbwa wakajificha chini ya vitanda, na Kasturi alikuwa akipanga taa za udongo kwenye ukuta, moja moja, kwa utulivu. Fataki moja kubwa ililipuka nyuma yake, karibu na visigino. Bhaggu aliruka akatukana. Kasturi aliendelea kumimina mafuta kwenye utambi. Onkarlal alimwona. Taa zote zilipokwisha kuwashwa, alikuwa bado amekaa palepale na machozi yanamtoka kwenye uso usioruhusiwa kusogea. Watu waliokuja kumgusa miguu walinong'onezana kwamba Baba Mnyamavu amemwona Mungu.

Siku ya kuamka kwa Vishnu, watu wa mtaa walisimamisha miwa minne uani juu ya mtulasi kama kibanda cha harusi, wakapiga zumari na ngoma. Uani hapakuwa na pa kukanyaga. Onkarlal alipewa maji ya Narmada, akanywa, akafungua mdomo. "Narayan," alisema, akimtaja Vishnu. Sauti ilitoka na kutu, kama bawaba ya mlango wa ghala. Watu wakashangilia, wanawake wakapiga vigelegele, kila mtu akataka abarikiwe kwanza. Yeye aliwaangalia juu ya vichwa vyao akimtafuta mkewe. Kasturi alikuwa amesimama mwisho na sinia la peremende, anatabasamu, anapiga makofi pale alipowaona wengine wanapiga.

Ilimchukua muda kuwaondoa. Wa mwisho alipotoka, alifunga mlango wa uani, akamwendea.

"Nimemaliza," alisema.

Kasturi alitazama midomo yake kwa makini, akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, akamsogezea sinia. Onkarlal alilisukuma pembeni. Akamshika bega, akaweka mdomo kwenye lile sikio la kulia, akasema polepole. Hakuna kitu. Akasema kwa nguvu. Kasturi alikunja uso, kwa sababu ya pumzi tu, ilimtekenya. Basi Onkarlal akamgeuza wakaangaliana, akavuta pumzi mpaka tumboni, na kwa sauti ile ya soko la pilipili, ambayo miezi minne ilikuwa imeipumzisha tu, akaita jina ambalo mume mwenye heshima halitamki: "Kasturi! Nisamehe! Unanisikia? Nisamehe!"

Ng'ambo ya ukuta wembe wa Bhaggu ulisimama kwenye kidevu cha mteja. Maneno hayakufika huko sawasawa, ilifika ngurumo tu. "Haya, imewashwa tena," Bhaggu alisema. "Hata siku moja haijaisha." Mkewe alisonya. "Maskini Kasturi. Na sisi tulikuwa tunamgusa miguu yule!"

Onkarlal alikuwa bado anapiga kelele. Mishipa ya shingo ilimsimama, macho yamemtoka, mate yanamruka, uso umeiva wote. Kasturi aliutazama uso ule. Aliufahamu vizuri, ameishi nao tangu usichana wake. Alivuta ncha ya sari akajifunika kichwa, akarudi nyuma hatua moja, sinia likiwa bado mkononi.

"Nimekosa nini tena, Baba Jagdish?" aliuliza.